Maji ya Ifakara Si ya Digrii 20

Mjukuu wangu, lile jedwali la dakika za kusafishia mkanda ulilolinakili kutoka kwenye simu limeandikwa na watu ambao maji yao ya bomba hutoka baridi. Kwao digrii 20 ni maji yaliyotiwa uvuguvugu kidogo. Kwetu hapa bondeni, mita 250 hivi tu juu ya usawa wa bahari, Udzungwa imetuziba upande huu na milima ya Mahenge upande ule, digrii 20 ni kitu cha kwenda kukitafuta. Januari na Februari, ndoo iliyokaa ndani ya nyumba ya bati hufika 28, wakati mwingine 30, na maji ya tenki jeusi lililopigwa jua hayashikiki. Vijana wengi nimewaambia neno hili. Waliitikia, "Ndiyo, babu," wakaenda kumimina dawa kwa dakika zilezile za jedwali, wakarudi na negativu nyeusi nzito, punje zimejaa, na ukizichapa nyuso za watu zinatoka chokaa tupu. Nimechoka kulisema. Nalisema tena kwa sababu sasa umeanza kupiga watu, umeacha kupiga migomba ya kujaribia, na picha ya mtu ni amana.

Fikiri ni kitu gani kinachopita mikononi mwako. Wachina na Watanzania waliolaza reli ya TAZARA katika bonde hili mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa watu wa zama za mkanda. Chochote kilichobaki cha sura zao kilipita kwanza kwenye chumba cha giza cha mtu fulani. Pantoni la Kilombero nalo, foleni ya malori, akina mama na vikapu vya samaki wakingoja zamu ya kuvuka kwenda Lupiro: daraja la mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018, mambo yale yakaisha. Hakuna wa kurudi kuyapiga upya. Ama una negativu, ama huna. Simu ikikosea unapiga tena hapohapo. Mkanda ukiusafisha vibaya, yule mama aliyetoka ndani akajifunga kitenge kipya kwa ajili ya kamera yako umemdhulumu, naye hatajua kamwe.

Tuseme joto kwanza. Dawa ya kwanza, devilopa, huzidi ukali maji yakipanda joto. Kwa dawa za kawaida kama D-76 ya Kodak, ambayo watu wanaitumia tangu 1927, na ID-11 ya Ilford, ambayo ni karibu dawa ileile, shika hesabu hii: kila digrii moja juu ya 20 inakupunguzia kama sehemu moja ya kumi ya muda. Mkanda wa HP5 ndani ya ID-11 isiyozimuliwa umeandikiwa dakika 7 na nusu kwa digrii 20. Kwa digrii 24 unabaki na dakika 5 na ushei. Kwa digrii 28 hupati hata 4, na hapo ndipo balaa linapoanza, maana chini ya dakika 5 dawa haina nafasi ya kuenea sawasawa. Zile sekunde za kumimina na kumwaga zinakuwa fungu kubwa la kazi nzima, na anga la picha linatoka na mabaka. Kwa hiyo izimue, dawa sehemu moja na maji sehemu moja. Muda wa digrii 20 unakuwa dakika 13. Kwa digrii 24 ni kama 9. Kwa digrii 27 ni kama 7. Hizo ni dakika za mtu kufanya kazi ametulia. Na dawa iliyozimuliwa ni ya mkanda mmoja, ukimaliza imwage. Kuirudisha chupani ili uokoe shilingi ni kuuharibu mkanda unaofuata kabla hujaupiga.

Sasa hili ninalokuambia ulishike kuliko mengine yote. Bora mkanda upite kwenye maji ya digrii 26 tangu mwanzo hadi mwisho, kuliko uanze na dawa ya 20 uliyoipoza kwa barafu halafu uusuuze kwa maji ya ndoo ya 30. Picha imeshikwa ndani ya utando wa jelatini, kitu kilichotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ikiingia maji inavimba. Maji yakiwa ya moto inalainika hata ukucha unaichana. Ukiitoa kwenye baridi ukaitupa kwenye moto, inavimba upesi kuliko inavyoweza kustahimili, inajikunja, na ikikauka inabaki na nyufa kama tope la jaruba baada ya maji kukatwa. Nyufa hizo hazina tiba. Ndizo zilizo kwenye mkanda wako wa mwezi uliopita, pale ulipodhani kamera ina kasoro. Kamera yako ni nzima. Uliupoza mkanda kama mtu wa Ulaya, ukaja kuuosha kama mtu wa Ifakara.

Kwa hiyo usishindane na bonde. Pima kwanza maji yenyewe uliyonayo, yale mengi, ya kuoshea, maana hayo ndiyo utakayoshindwa kuyabadilisha. Yakiwa 27, basi dawa zote ziwe 27, na muda uupunguze. Yakizidi hapo, tafuta namna ya kuyashusha yote pamoja. Maji ya mtungi wa udongo uliokaa kivulini penye upepo hushuka bila gharama. Beseni kubwa la maji na barafu za mfuko zile wanazouza watoto mitaani litapoza chupa zako zote kwa mara moja, dawa ya kwanza, ya pili na ya kuoshea, zikiwa zimesimama humo bega kwa bega. Barafu ikae ndani ya beseni, isiingie ndani ya dawa hata kipande, maana ikiyeyuka inazimua na wewe hujui imezimua kiasi gani. Kipimajoto ninachokitaka ni cha kweli, si kidole. Na ukiwa na mkanda unaouthamini sana, ungoje Juni au Julai. Amka alfajiri, chukua ndoo iliyolala nje, na utaona kazi ilivyo nyepesi. Mkanda uliokwisha kupigwa haupendi kukaa miezi kwenye joto, hilo ni kweli, lakini ukifungwa kwenye kopo lake na kuwekwa kwenye friji utangoja.

Waliotutangulia kufanya kazi hii katika nchi za joto walikuwa wakitia sodiamu salfeti ndani ya devilopa, gramu 100 kwa lita, ili jelatini isivimbe kupita kiasi. Inasaidia, ila muda unaongezeka kidogo. Ukiagiza, soma jina herufi kwa herufi: salfeti si salfaiti. Salfaiti ni ile ambayo tayari imo ndani ya D-76, nayo gramu 100 kwa lita, na muuzaji asiyejua picha atakupa yoyote aliyonayo kwenye rafu.

Kuingiza mkanda kwenye rili ya tenki la kusafishia ndiko kunakowatoa vijana machozi, na sababu yake ni jasho. Mikono ndani ya mfuko wa giza saa nane mchana, baada ya dakika chache humo ndani ni mvuke mtupu, mkanda unagandana na plastiki, unalazimisha, unaukunja. Mahali ulipokunjika patatoka alama nyeusi mfano wa mwezi mwandamo, na mahali ambapo tabaka mbili zimeshikana dawa haitafika kabisa. Fanya usiku. Rili iwe imekaushwa juani mchana kutwa, isiwe na hata tone. Ukiona inakataa, usipigane nayo. Tia kila kitu ndani ya tenki, funga kifuniko, toa mikono, kaa nje upunge upepo, ujifute, ndipo urudi. Mkanda ndani ya tenki lililofungwa hauungui hata ukikaa mpaka kesho.

Ukishamimina dawa, ligonge tenki mezani mara mbili tatu ili mapovu yaachie. Povu lililong'ang'ania linaacha duara jeupe kwenye negativu, na kwenye picha linakuwa doa jeusi usoni kwa mtu. Kisha pindua tenki taratibu kwa sekunde 10 za mwanzo, na sekunde 10 kila dakika inapoanza. Taratibu. Nimekuona unavyolitikisa. Dawa ikirushwa kwa nguvu inapita kasi kwenye vile vitundu vya pembeni, na utaona michirizi imetoka kwenye kila kitundu kuingia ndani ya picha. Kati ya dawa ya kwanza na ya pili suuza kwa maji ya joto lilelile, au maji yenye asidi kidogo ya siki au ya ndimu. Sina mengi ya kusema hapo.

Dawa ya pili, fiksa, nina mengi, maana ndiyo inayodharauliwa. Kata ulimi wa mkanda, kile kipande cha mwanzo kisicho na picha, ukitumbukize kwenye fiksa mchana kweupe, uhesabu muda mpaka kiwe angavu kama kioo. Muda huo uzidishe mara mbili, hiyo ndiyo dozi ya mkanda wenyewe. Siku kipande kitakapohitaji muda maradufu ya ule wa fiksa mpya, fiksa imekufa. Vijana wanaipima kwa kunusa au kwa kukumbuka waliinunua lini. Pima kwa kipande cha mkanda, kila mara, hata kama uliitumia jana.

Na mkanda ukiharibika, usiufiche wala usiutupe kabla hujausoma, maana unakueleza kilichotokea. Ukitoka angavu wote lakini herufi na namba za kiwandani pembeni zinasomeka, dawa yako ilikuwa njema: mkanda haukupata mwanga, labda haukushika kwenye kamera, ulikuwa ukizungusha bure. Ukitoka angavu na hata herufi hazipo, devilopa ilikuwa imekufa, au umetanguliza fiksa. Ukiwa mweusi wote pamoja na pembeni, umeungua, mwanga umeingia. Ukiwa na ukungu wa maziwa, fiksa haijamaliza, na huo ndio wa kuokolewa: urudishe kwenye fiksa mpya, hata mchana, utafunguka mbele ya macho yako. Rangi ya waridi au zambarau isikutishe, baadhi ya mikanda ndivyo ilivyo, kuosha zaidi kutaitoa. Ukiandika mambo haya kwenye daftari kila mara, tarehe, joto la maji, dakika, dawa imesafisha mikanda mingapi, hutahitaji kuja kuniuliza. Mimi sitakuwepo siku zote wa kuulizwa.

Maji. Mito ya Kilombero na Lumemo wakati wa masika hubeba tope laini ambalo macho hayalioni ndani ya kikombe, lakini jelatini iliyolainika inalinasa na kulifunga humo milele. Chemsha, acha yatuame usiku kucha, chukua ya juu, chuja kwa pamba. Ya mvua ni mazuri, ukiacha ile mvua ya kwanza ioshe bati. Usiniambie eti unahitaji bomba linalotiririka nusu saa. Jaza tenki, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, pindua mara 20, mwaga. Ni utaratibu wa Ilford wenyewe, unaosha sawasawa kwa maji yasiyofika ndoo. Suuzo la mwisho kabisa liwe la maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, na tone moja tu la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ukienda kununua, sema wazi unataka maji ya kuongezea. Kuna yanayoitwa maji makali, hayo ni asidi, yatakula mkanda na vidole.

Kukausha kwetu hapa ni vita na vumbi na wadudu. Kiangazi vumbi, masika kumbikumbi na vijidudu vya taa, na wakati wote mende, ambao jelatini kwao ni chakula. Mwaka 1997, vyandarua vya Zuia Mbu vilipoanza kuuzwa Kilombero na Ulanga chini ya mradi wa KINET, watu walivinunua kwa ajili ya malaria, na ni sawa. Nawe tenga kimoja, kifue mpaka kisiwe na vumbi, kining'inize chumba kisichopitwa na watu, sakafu uinyunyizie maji, na mkanda uuning'inize humo ndani na kibanio cha nguo chini ili usijiviringe. Usiupepee, usiuweke juani, usiuguse. Zima taa, toka, funga mlango. Mikono mingi ya vijana niliowajua iliharibu mkanda katika saa hii moja, wakati kazi yote ngumu imekwisha, kwa sababu tu ya kutamani kuona.

Nimesikia umeuliza habari za kusafisha kwa kahawa. Ni kweli, inawezekana. Katika kahawa kuna asidi inayofanya kazi ya devilopa ikisaidiwa na vitamini C na soda ya kufulia. Kwa lita moja, gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka, ile ya namna inayotoka TANICA Bukoba, gramu 16 za vitamini C, gramu 54 za soda ya kufulia iliyo kavu, na dakika 15 kwa digrii 20, kwa mkanda wa kasi ndogo kama wa 100. Harufu yake ni mbaya, vumilia. Shida huja pale mtu anapokosa soda ya kufulia akatia magadi ya kupikia maharage, au soda ya maandazi. Hizo ni hafifu, picha inatoka kivuli tu. Soda ya maandazi ukiikaanga kwenye sufuria kavu kwa moto mpaka itulie kutoa mvuke, inageuka kuwa soda ya kufulia. Hiyo itumie, ila kwa mkanda wa majaribio kwanza. Fiksa haina mbadala wa jikoni wa kutegemewa. Usidanganywe.

Mkanda ukishakauka, ukate vipande vya picha sita sita, kila kipande kwenye bahasha yake ya karatasi safi, na jina la mtu, kijiji, mwezi na mwaka vyote viandikwe juu ya bahasha kabla ya kutia mkanda ndani. Unyevu wa bonde hili huotesha kuvu kwenye jelatini, na kuvu ikishakula uso wa mtu haurudi. Tia bahasha ndani ya kopo la bati lenye mfuniko mzuri, pamoja na mfuko wa kitambaa uliojaa mchele uliokaangwa mkavu mpaka ukabadilika rangi. Mchele tunao. Kila baada ya muda utoe, uukaange tena, uurudishe. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, kwenye chumvi na unyevu wa bahari unaozidi huu wetu, na mwanawe Rohit akaja kuishika kazi ile. Kama sura za watu wa Unguja wa zama zile zinaonekana leo, ni kwa kuwa kuna mtu aliyezitunza mwaka baada ya mwaka, wala hakuna aliyempigia makofi.

Limebaki moja, nalo si la picha. Fiksa uliyoitumia imebeba fedha, ile fedha ya madini iliyotoka kwenye mkanda. Usiimwage mtaroni, wala karibu na kisima. Visima vyetu ni vifupi na mashamba ya mpunga yanaanzia nyuma ya nyumba. Ikusanye kwenye dumu, ndani yake tia stili wulu ya kusugulia sufuria, iache siku kadhaa, chuma kitachukua nafasi ya fedha na fedha itatua chini kama tope jeusi. Tope hilo lihifadhi kavu mpaka upate anayelihitaji, yaani wanaoshughulika na madini. Na dawa yoyote, mpya au kuukuu, isikae ndani ya chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata kwa usiku mmoja. Tafuta madumu yenye rangi, andika jina na tarehe kwa wino usiofutika, fungia juu kabatini, ufunguo ukae kwako. Wadogo zako wako uani kutwa nzima, na fiksa haina rangi. Mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na maji. Ile chupa iliyo chini ya kitanda chako nimeiona. Iondoe leo, kabla hujala.